Datsun 240Z juu ya mawe: bei ya kununulia si bei ya gari

Gari la michezo lililokaa juu ya mawe kwa miaka mingi huuzwa kwa bei inayoonekana kuwa ndogo. Bei hiyo, hata hivyo, mara nyingi ndiyo tarakimu ndogo kuliko zote zitakazomkabili mnunuzi kabla gari halijarudi barabarani. Anayetoa kiinua mgongo chake au mkopo wa chama cha akiba kwa ajili ya gari kama hilo anapaswa kufanya hesabu yake kabla ya kukubaliana na muuzaji. Akisubiri mpaka gari lishushwe uani kwake, atakuwa amechelewa.

Mfano mzuri wa biashara hii ni Datsun 240Z, gari la milango miwili ambalo jina lake linafahamika Afrika Mashariki kuliko magari mengi ya aina yake. Wanaolitafuta wapo, na wanaolimiliki bila kujua walifanyie nini nao wapo. Kati ya makundi hayo mawili ndipo makosa ya gharama kubwa hufanyika.

JINA LINALOUZA

Kampuni ya Nissan ilianza kuuza gari hili nchini Japani mwishoni mwa mwaka 1969 kwa jina la Fairlady Z. Katika masoko ya nje liliitwa Datsun 240Z, na nchini Marekani bei yake ya kuanzia ilikuwa dola 3,526. Lilikuwa na injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 2,393 na kabureta mbili, katika bodi yenye uzito wa takriban tani moja. Hadi lilipoachwa kutengenezwa mwaka 1973 na nafasi yake kuchukuliwa na 260Z, yalikuwa yameuzwa zaidi ya magari 140,000, mengi yake Marekani.

Katika ukanda huu sifa ya gari hilo ilijengwa na mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na msomaji ramani wake Hans Schüller walishinda wakiendesha 240Z. Mwaka 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews walirudia ushindi huo kwa gari la aina hiyo hiyo. Gari lililopita kwenye vumbi na matope ya Safari na kufika mwisho likiwa la kwanza halikuhitaji tangazo jingine.

Bei katika masoko ya nje nayo imewatia wauzaji tamaa. Mwezi Januari 2020, gari moja la 240Z la mwaka 1971 liliuzwa kwa dola 310,000 katika mnada uliofanyika Marekani kwa njia ya intaneti. Tangu hapo bei hiyo imekuwa ikitajwa na kila mwenye 240Z, hata kama gari lake lina kuku wanaotagia kiti cha nyuma ya usukani.

Lakini wanaoitaja huacha kueleza sababu yake. Gari lile lilikuwa limetembea maili 21,000 na ushei tu, lilitunzwa vizuri, na kwa sehemu kubwa lilibaki kama lilivyotoka kiwandani. Lilipata bei hiyo kwa sababu halikuhitaji kufufuliwa. Gari lililotelekezwa ni kinyume chake kabisa, na bei ya moja haiwezi kutumika kulipima jingine.

KINACHONUNULIWA NI BODI

Usemi unaosikika zaidi katika uuzaji wa magari haya ni huu: "Injini ni nzima, kilichobaki ni rangi tu." Kwa mnunuzi, hakuna usemi mwingine unaoweza kumgharimu zaidi ya huo.

240Z halina chesisi iliyo peke yake kama lori au pikapu. Sakafu, kuta, vizingiti vya milango na paa vimeunganishwa na ndivyo vinavyobeba injini, magurudumu na abiria. Kutu ikila sehemu hizo, si sura ya gari inayoharibika bali ni uti wa mgongo wake. Rangi mpya juu ya uti uliooza ni gharama iliyotupwa.

Udhaifu wa gari hili unajulikana duniani kote, na mnunuzi hana sababu ya kubahatisha. Mahali pa kwanza pa kutazama ni chini ya betri, ambako asidi iliyomwagika hula bati mpaka kwenye mhimili ulio chini yake. Kisha hutazamwa mihimili miwili inayopita chini ya sakafu, sakafu yenyewe chini ya kapeti, vizingiti vya milango, na sehemu ya chini ya bodi kati ya mlango na gurudumu la nyuma. Baada ya hapo ni matao ya magurudumu ya nyuma, shimo la tairi la akiba, ukingo wa chini wa mlango wa nyuma, na mfereji wa maji ulio chini ya kioo cha mbele. Mfereji huo ukiziba kwa majani ya mwembe, maji hutuama humo mvua hadi mvua.

Vifaa vya ukaguzi ni vya bei ndogo: tochi, bisibisi, jeki na sumaku iliyofungwa kitambaa. Sumaku ikipitishwa juu ya bati hushika. Mahali ambapo haishiki pana puti nene, na chini ya puti hiyo kuna jambo lililofichwa. Bisibisi ikigongwa taratibu kwenye mhimili mzima hutoa mlio wa chuma, na kwenye mhimili uliooza huzama.

Kipimo kingine hufanywa kwa jeki. Gari huinuliwa kona moja ya mbele, kisha mlango wa upande huo hufunguliwa na kufungwa. Mlango uliokuwa ukifunga vizuri ukianza kugoma, au nafasi kati ya mlango na bodi ikibadilika, maana yake bodi inapinda kwa uzito wake yenyewe. Gari la namna hiyo halihitaji fundi wa rangi. Linahitaji kujengwa upya, na mafundi wa bodi wanaoweza kuchomelea mihimili na kuacha gari limenyooka ni wachache na hawafanyi kazi kwa bei ya kupiga puti.

Mahali gari lilipokaa napo ni sehemu ya bei. Gari lililokaa Mombasa, Tanga au Dar es Salaam limepumua chumvi ya bahari miaka yote hiyo. Lililokaa chini ya paa Nakuru au Dodoma, hata likiwa na vumbi la kuzika, mara nyingi lina bati zuri zaidi. Mnunuzi makini husamehe vumbi na rangi iliyofifia, lakini hasamehi unyevu.

INJINI HAIPASWI KUTISHA

Wanunuzi wengi hufanya kinyume: huogopa injini isiyowaka na kupuuza kutu inayoonekana. Injini ya L24 ni ngumu na rahisi kueleweka. Blok yake ni ya chuma cha kalibu, silinda hedi ni ya aluminiamu, na shafti iliyo juu huzungushwa kwa mnyororo. Fundi mzoefu wa magari ya zamani yenye kabureta anaweza kuifungua na kuifunga bila kuhitaji kompyuta.

Kosa kubwa ni kuunganisha betri na kulazimisha injini iliyolala miaka mingi iwake ili kumfurahisha mnunuzi. Kwanza plagi hutolewa na mafuta kidogo ya injini hutiwa katika kila silinda. Baada ya kuachwa yalowane, injini huzungushwa kwa mkono kwa kutumia spana kwenye puli ya mbele. Ikizunguka, mgandamizo wa kila silinda hupimwa. Jambo la kutafuta ni silinda zote sita kukaribiana. Moja ikiwa chini sana ya wenzake, au mbili zilizo jirani zikiwa chini kwa pamoja, gharama ya kufungua hedi iingizwe kwenye hesabu. Ikiwa injini haizunguki kabisa, mnunuzi ahesabu kwamba inafunguliwa yote.

Petroli iliyokaa hugeuka kuwa kama gundi na kuziba tangi, mabomba na kabureta. Mitungi ya breki hushikana, raba hukauka, na waya huliwa na panya. Yote hayo ni ya kawaida, na mnunuzi ayahesabu kuwa yapo hata kabla ya kuyaona. Kuna jambo moja la pekee kwa gari hili: pini ndefu za mikono ya nyuma, ambazo hushikwa na kutu kiasi kwamba kuzitoa tu huweza kuchukua siku nzima ya fundi na wakati mwingine hulazimu kukata. Aidha, dashibodi ambayo haijapasuka kwa jua ni nadra, hivyo isiyo na ufa ina thamani yake.

HATI KABLA YA FEDHA

Magari mengi ya umri huu si mali ya mtu anayeyauza. Yalinunuliwa na mzee ambaye ameshafariki, na wanaoonyesha gari ni watoto au wajukuu. Kwa hali hiyo jina lililo kwenye kadi ya gari ni la marehemu, na anayeweza kulihamisha kisheria ni msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama. Mnunuzi anayelipa kabla ya hatua hiyo anaweza kujikuta amefufua gari la familia nyingine kwa fedha zake, kisha ndugu mmoja ambaye hakushirikishwa akajitokeza siku gari linapong'aa.

Namba nazo zilingane na maneno. Magari ya 240Z yenye usukani wa kulia yaliyotengenezwa kwa masoko ya nje yana namba ya bodi inayoanza na HS30, na yenye usukani wa kushoto huanza na HLS30. Namba ya injini huanza na L24. Bodi inayoanza na RS30 ni ya 260Z, hata kama muuzaji ameweka nembo ya 240Z. Injini ya L26 au L28 ndani ya 240Z hailifanyi gari kuwa baya, na wako wanaoipenda kwa nguvu yake. Lakini bei yake si ile ya gari lenye injini lililozaliwa nayo.

Wapo pia wauzaji wanaodai kwamba gari lao "lilikimbia Safari". Magari yaliyoshindana yaliacha kumbukumbu: namba za usajili, picha, orodha za washindani. Dai lisiloambatana na karatasi lina thamani moja tu katika hesabu, nayo ni sifuri.

Suala la kuagiza jingine nje badala ya lililooza halimsaidii kila mtu. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa magari ya kawaida yaliyopita miaka minane, na magari ya Marekani yana usukani wa kushoto. Tanzania hutoza ushuru wa ziada kwa magari yaliyozeeka. Ndiyo maana bodi nzima iliyokwisha kusajiliwa hapa nchini hutafutwa, na ndiyo maana pia wauzaji wa bodi mbovu hujaribu kuziuza kwa bei ya nzima.

HESABU YA KINYUMENYUME

Mnunuzi wa kawaida huanza na bei ya muuzaji, kisha huongeza gharama kidogo kidogo kadiri zinavyojitokeza. Njia iliyo salama ni kuanza mwisho. Kwanza huulizwa: gari la aina hii likiwa limekamilika na liko barabarani, mtu angelinunua kwa kiasi gani hapa, si Marekani? Kiasi hicho hupunguzwa gharama zote za kazi, na kinachobaki ndicho cha kumpa muuzaji.

Mfano wa kufikirika unaweza kuonyesha jambo hilo. Thamani ya gari lililokamilika ichukuliwe kuwa shilingi 100. Gari la kwanza lina bodi iliyooza. Kazi ya bodi na rangi ni shilingi 38. Injini, giaboksi, breki na miguu ni 18. Viti, vioo, raba na waya ni 14. Usafirishaji na ushuru wa vipuri kutoka Japani au Marekani ni 10. Jumla ni 80. Hakuna kazi ya namna hii isiyo na mambo ya kushtukiza, hivyo robo ya kiasi hicho, yaani 20, hutengwa kama akiba. Shilingi 100 zimekwisha, na gari lenyewe bado halijanunuliwa. Hata likitolewa bure, mnunuzi hajapata kitu.

Gari la pili lina bodi nzima na sura mbaya. Bodi na rangi ni 15, mitambo ni 18 ile ile, vya ndani ni 14, usafirishaji na ushuru ni 8. Jumla ni 55, na akiba ya robo ni karibu 14. Matumizi yote ni 69. Zimebaki shilingi 31 za kulinunulia. Kwa hiyo gari la pili kwa bei ya 30 ni nafuu kuliko la kwanza kwa bei ya 10, na tofauti yenyewe si ndogo. Hapa ndipo msemo kwamba rahisi ni ghali unapothibitika kwa tarakimu.

Tarakimu hizo zitabadilika kwa kila gari na kila mji, lakini utaratibu haubadiliki. Vilevile muda haujatiwa bei. Kazi iliyokadiriwa miezi minane ikichukua miaka mitatu, fedha zilizolala humo zingeweza kuwa katika dhamana za serikali zikizaa riba. Vipuri hununuliwa kwa fedha za kigeni, hivyo shilingi ikiteremka wakati kazi iko nusu, bajeti iliyokuwa ikitosha haitatosha tena.

Tahadhari kubwa zaidi ni kwa gari lililokwisha fumuliwa na mtu mwingine aliyeishiwa fedha. Gari hilo huja na makasha ya vipuri na maelezo kwamba "kila kitu kipo". Hakuna anayeweza kuthibitisha hilo mpaka siku ya kufunga, na nembo moja, fremu ya kioo au kishikio kisichopatikana huweza kusimamisha kazi miezi kadhaa. Gari lililo kamili, hata likiwa bovu, lina faida kuliko lililo nusu makashani.

HATA KIWANDA KILISHINDWA

Anayedhani kwamba tatizo ni mafundi wa uchochoroni atazame jaribio la Nissan yenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1990, tawi lake la Marekani lilianzisha mpango wa kununua 240Z za zamani, kuzipeleka kwa mafundi waliochaguliwa, kuzifufua na kuziuza kupitia mawakala wake kwa bei ya kati ya dola 24,000 na 28,000. Lengo lilikuwa magari 200. Yaliyokamilika hayakufika 50, na mpango ukafungwa.

Kampuni hiyo ilikuwa na michoro, vipuri, mawakala na jina. Pia ilikuwa na uwezo wa kuchagua magari mazuri kutoka katika nchi iliyokuwa na mengi kuliko zote. Ikiwa kwa faida hizo zote biashara hiyo haikukua, mtu binafsi mwenye gereji moja ya kuaminika na mshahara mmoja hana sababu ya kutarajia faida kwa haraka.

NANI ANUNUE

Pamoja na hayo, kununua si kosa wakati wote. Mnunuzi anaweza kuendelea ikiwa masharti manne yametimia kwa pamoja: bodi imepimwa na mihimili ni mizima, hati ni safi na anayeuza ana haki ya kuuza, gari limekamilika au kinachopungua kimeorodheshwa na kinapatikana, na fedha za kazi yote, pamoja na akiba, zipo tayari bila kugusa ada za shule wala chakula cha nyumbani. Sharti moja likikosekana, bei ishuke. Likiwa ni la bodi au la hati, biashara iachwe.

Mwenye fedha za kutosha anayetaka tu kuendesha 240Z siku za Jumapili ana njia ya tatu, nayo ni kununua lililokwisha fufuliwa na mwingine. Katika mfano uliotolewa, mwenye gari la kwanza ametumia zaidi ya shilingi 100 kupata kitu ambacho mnunuzi atampa 100. Tofauti hiyo humwangukia aliyefanya kazi, na mnunuzi wa mwisho haimhusu.

Anayependa kazi yenyewe, yaani anayefurahia kusafisha kabureta Jumamosi jioni huku watoto wakimshikia tochi, naye ana haki ya kununua. Ila aandike gharama hizo katika ukurasa wa starehe, pamoja na safari na sherehe, asiziandike katika ukurasa wa uwekezaji. Akifanya hivyo hatadanganyika, wala hataidanganya familia yake.

Kwa upande wa warithi wanaouza, ushauri ni kufungua mirathi kwanza, kuliosha gari, kuacha kutu ionekane na kutopiga rangi ya haraka. Rangi mpya juu ya gari la miaka hamsini humfanya mnunuzi mwenye fedha ashuku, na ndiye pekee anayeweza kulipa bei nzuri. Gari lenye vumbi, kadi halisi na historia inayoeleweka huuzika kwa haraka kuliko lililopambwa.